Maswali ya Wasomaji: Mtumbwi wa Nyegezi, Kilimia na Umbali wa Nyota

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Mwanza. Katika toleo lililopita uliandika kwamba umbali wa nyota hupatikana kwa kanuni ileile ya tao tunayofundishwa darasani, yaani urefu wa tao ni sawa na nusukipenyo mara pembe. Nikaona niijaribu kwanza ziwani kabla ya kuiamini kwa nyota. Jumapili mimi na mdogo wangu tulikwenda ufukweni upande wa Nyegezi, tukachagua mtumbwi uliotia nanga, na nyuma yake, ng'ambo ya maji, kulikuwa na mti mmoja mrefu juu ya kilima. Nikasimama mahali ambapo mtumbwi na mti vilikuwa kwenye mstari mmoja, kisha nikatembea mita 50 kandokando ya maji na kupima tena kwa kipimapembe na uzi. Mtumbwi ulikuwa umeuacha ule mti kwa nyuzi 2. Nikagawanya 50 kwa 2, nikapata mita 25. Lakini mtumbwi wenyewe ulikuwa mbali kiasi kwamba hatukuweza kujua kama waliomo walikuwa wanashona nyavu au wanakula. Je, kanuni ina kasoro? Na kwa nini mtumie tao, ambalo limepinda, ilhali mimi nilitembea mstari ulionyooka?
Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Marahaba. Kanuni haina kasoro, na ulivyopanga kazi yako kumenifurahisha kuliko jibu ulilolipata. Kosa lako ni moja, nalo ni la kila mwaka darasani: umeweka nyuzi mahali panapodai radiani.

Mfikirie mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi kwa kamba ya mita 10. Mbuzi huyo akizunguka huku kamba imekazika, na njia yake ya duara ikafikia urefu wa mita 10, yaani sawasawa na urefu wa kamba, basi kamba imegeuka kwa pembe ya radiani moja. Kamba ikiwa ya mita 3, na mbuzi akatembea mita 3, pembe ni ileile. Hiyo ndiyo maana yote ya radiani, na ndiyo sababu kanuni ya tao huwa nyepesi inapotumia kipimo hicho: unagawanya urefu wa tao kwa pembe, na unapata urefu wa kamba bila kuongeza kitu kingine. Ukizipima kwa nyuzi, radiani moja ni nyuzi 57.3 hivi. Nyuzi zako 2 ni radiani 0.0349, na mita 50 zikigawanywa kwa 0.0349 zinatoa mita 1,432. Sasa mtumbwi umerudi mahali ulipouona kwa macho yako.

Kuhusu tao na mstari ulionyooka, hoja yako ni ya haki. Anayetaka ukamilifu angetumia tanjenti ya pembe, kwa kuwa ulichotembea ni upande wa pembetatu wala si kipande cha duara. Basi tufanye hivyo: 50 kwa tanjenti ya nyuzi 2 ni mita 1,431.8, wakati kanuni ya tao inatoa mita 1,432.4. Tofauti haifiki mita moja. Pembe ikiwa nyembamba, tao na mstari mnyoofu unaounganisha ncha zake hulaliana hata usiweze kuvitenganisha, na kadiri pembe inavyozidi kuwa nyembamba ndivyo tofauti inavyozidi kuyeyuka.

Shaka yako ingefaa ielekezwe kwenye kipimapembe. Uzi ukitikiswa na upepo wa ziwani, kukosea kwa nusu nyuzi ni jambo rahisi mno. Kama pembe ya kweli ilikuwa nyuzi 1.5, mtumbwi ulikuwa umbali wa mita 1,910. Kama ilikuwa nyuzi 2.5, ulikuwa umbali wa mita 1,146. Tazama pengo hilo: zaidi ya mita 750, kwa sababu ya uzi tu, huku tao ulilolitilia shaka likikupotosha kwa nusu mita na ushei. Katika historia nzima ya kupima nyota, hesabu haikuwahi kuwa tatizo. Tatizo lilikuwa pembe.

Liko pia jambo ambalo hukuliuliza. Ulichukulia kwamba mti juu ya kilima haukusogea hata kidogo ulipotembea zile mita 50, lakini ghuba yetu si bahari, na kilima cha ng'ambo hakiko mbali sana. Tuseme kiko kilomita 6. Basi nacho kilisogea machoni pako, karibu nusu nyuzi, upande uleule uliosogea mtumbwi, kwa hiyo nyuzi 2 ulizozipata ni pungufu. Pembe kamili ingekuwa karibu nyuzi 2.5, na umbali wa mtumbwi ungeshuka hadi mita 1,156 hivi. Nimelitaja kwa sababu wapimaji wa nyota hukumbana na jambo hilohilo: huilinganisha nyota ya karibu na nyota hafifu zilizo nyuma yake, lakini hizo za nyuma nazo zina msogeo wake mdogo, ambao lazima ukadiriwe na kujumlishwa.

Sasa twende kwenye nyota zenyewe. Msogeo huo wa kitu cha karibu mbele ya vitu vya mbali, unaotokana na mtazamaji kuhama mahali, ndio unaoitwa paralaksi. Mita 50 hazitoshi kwa nyota, wala kilomita 50, wala upana wote wa Dunia. Tunachotumia ni safari ambayo sote tunasafirishwa bila nauli: Dunia hulizunguka Jua kwa umbali wa wastani wa kilomita milioni 149.6, kwa hiyo mahali tulipo Januari na mahali tutakapokuwa Julai pametengana kwa takribani kilomita milioni 299. Mtu huipiga picha nyota mara mbili, kwa kupishanisha miezi sita, na kuangalia imesogea kiasi gani mbele ya zile za nyuma. Hapa wanafunzi wengi hukosea mara ya pili, kwa kuwa paralaksi iandikwayo vitabuni ni nusu ya msogeo huo mzima, yaani ile pembe inayolingana na umbali wa Dunia hadi Jua peke yake. Ukichukua nusu ya pembe pamoja na upana wote wa safari, nyota itakwenda mbali mara mbili ya ilipo.

Pembe zenyewe ni ndogo hata nyuzi haifai kuzipimia. Nyuzi moja hugawanywa katika dakika 60 za tao, na kila dakika katika sekunde 60 za tao. Radiani moja ina sekunde za tao 206,265. Ukitaka kuiona sekunde moja ya tao kwa picha ya nyumbani, chukua dagaa mmoja wa sentimita 5 kutoka mwaloni Kirumba, mtu amshike wima akiwa kilomita 10.3 kutoka ulipo. Urefu wa dagaa huyo, kwa jicho lako, ni sekunde moja ya tao. Nyota ambayo paralaksi yake ni sekunde moja ya tao iko mbali mara 206,265 ya umbali wetu na Jua, sawa na takribani kilomita trilioni 30.9 au miaka 3.26 ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na umbali huo umepewa jina la paseki. Kutoka hapo hesabu inakuwa fupi: gawanya 1 kwa paralaksi iliyo katika sekunde za tao, na jibu ni paseki.

Hakuna nyota yoyote, ukiacha Jua, inayofikia sekunde moja kamili. Iliyo karibu kuliko zote, Proxima Centauri, ina paralaksi ya 0.77, nayo haionekani kwa macho matupu. Jirani yake Alpha Centauri tunaiona vizuri kabisa kutoka Mwanza. Usiku wa mwezi Juni elekeza uso kusini, nyoosha mkono, na upange ngumi tatu, moja juu ya nyingine, kuanzia upeo. Utakuta nyota mbili angavu zilizo jirani na Msalaba wa Kusini, na ile inayong'aa zaidi ndiyo yenyewe. Paralaksi yake ni 0.75 hivi. Gawanya 1 kwa 0.75 upate paseki 1.33, zidisha kwa 3.26, na umepata miaka 4.35 ya nuru. Vipimo makini zaidi vinasema 4.37.

Na ule wasiwasi wako wa tao? Kwa pembe ya sekunde moja, tofauti kati ya kanuni ya tao na ile ya tanjenti ni kama kilomita 240 katika kilomita trilioni 30.9. Ni kama kukosea kwa safari ya basi ya Mwanza hadi Musoma na ziada kidogo, katika mwendo ambao nuru yenyewe huutumia zaidi ya miaka mitatu. Hakuna chombo kinachoweza kuihisi.

Ukubwa wa kazi hii unaonekana katika muda uliopita kabla ya mtu kufaulu. Copernicus alichapisha mwaka 1543 hoja yake kwamba Dunia hulizunguka Jua, na papo hapo likazuka swali: kama Dunia inahama, mbona nyota hazisogei? Tycho Brahe wa Denmark, mpimaji bora wa zama zile kabla ya darubini, alizitafuta paralaksi akazikosa, na kwa sababu hiyo akakataa kwamba Dunia inahama. Simlaumu. Vyombo vyake vilikuwa sahihi kwa takribani dakika moja ya tao, na alichokuwa anakitafuta ni kidogo mara 80 ya hapo. James Bradley wa Uingereza naye aliitafuta paralaksi, na mwaka 1729 akatangaza kwamba amekuta kitu kingine kabisa: nyota huonekana zimeyumba kwa sekunde 20 za tao kwa sababu ya mwendo wa Dunia ukichanganyika na mwendo wa nuru. Paralaksi yenyewe ilibaki imejificha chini ya mayumbo hayo.

Mwaka 1838 mwanaastronomia Friedrich Bessel, akiwa Königsberg, Prussia, alitangaza paralaksi ya nyota iitwayo 61 Cygni. Hakuichagua kwa mng'ao wake, kwani ni hafifu; aliichagua kwa sababu huhama angani zaidi ya sekunde 5 za tao kila mwaka, na kama ajuavyo kila aliyewahi kutazama mitumbwi, kinachokwenda kasi machoni mara nyingi ndicho kilicho karibu. Alipata 0.314, nasi leo tunapata 0.286.

Linalonigusa zaidi ni habari ya Thomas Henderson. Huyu alikuwa ameipima Alpha Centauri, nyota yetu hii ya kusini, kati ya mwaka 1832 na 1833 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini. Vipimo alikuwa navyo, lakini alivitilia shaka vyombo vyake, akarudi Uingereza na kuyaweka mahesabu kando, na hakuyatangaza hadi Januari 1839, wakati Bessel amekwisha kumtangulia kwa miezi michache. Hivyo vipimo vya nyota iliyo jirani nasi vilichukuliwa katika ardhi ya Afrika, vikakosa nafasi ya kwanza kwa sababu ya mtu aliyekuwa mwangalifu kupita kiasi. Sijui nimshauri mwanafunzi wangu afuate mfano wake au auepuke.

Rudi ufukweni ukipata nafasi, lakini safari hii tembea mita 200 badala ya 50, na upime mara kumi kisha uchukue wastani. Msogeo ukiwa mkubwa zaidi, uzi utakudanganya kidogo zaidi.

SWALI: Wazee wetu hapa kisiwani walikitazama Kilimia, lile kundi la nyota, ili kujua majira ya kulima, na hata methali ipo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimesoma mahali pawili umbali wa Kilimia: mahali pamoja pameandikwa miaka 390 ya nuru, na mahali pengine zaidi ya 440. Inakuwaje wataalamu wapishane kwa miaka 50 ya nuru?
Mkulima na mvuvi, Ukerewe

JIBU: Ndugu yangu, umegusa ugomvi wa kweli, nao ulichukua karibu miaka ishirini.

Ukiwa ardhini, hewa huitikisa nuru ya nyota kama joto linavyotikisa picha ya barabara ya lami mchana, na kwa sababu hiyo paralaksi zilizopimwa kwa darubini za kawaida hazikuwa na uhakika zaidi ya miaka 300 ya nuru hivi. Ndiyo maana mwaka 1989 nchi za Ulaya zilirusha setilaiti ya Hipparcos, iliyopima nyota zipatazo 118,000 kutoka nje ya hewa, na orodha yake ikatoka mwaka 1997. Kwa Kilimia, Hipparcos ilitoa paseki 120 hivi, ambazo ndizo ile miaka 390 uliyoisoma. Wanaastronomia wengi hawakukubali. Njia nyingine, zinazolinganisha mng'ao na rangi za nyota za Kilimia na zile za nyota zinazojulikana, zilikuwa zinatoa umbali mkubwa zaidi, na kama Hipparcos ilikuwa sahihi, ingebidi nyota hizo ziwe na tabia tofauti na nyota wenzake wa aina ileile.

Zitazame pembe zenyewe uone ugomvi ulikuwa juu ya nini. Paseki 120 ni paralaksi ya sekunde za tao 0.0083, na paseki 136 ni 0.0074. Kilichokuwa kinagombaniwa ni sehemu moja ya elfu ya sekunde ya tao, yaani, tukirudi kwa dagaa wetu wa sentimita 5, kumwona akiwa umbali wa kilomita 10,000. Mwaka 2014 darubini za redio zilizounganishwa pamoja zilitoa paseki 136, kisha setilaiti ya Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, ikaunga mkono kipimo hicho. Kwa nyota angavu Gaia hupima hadi sehemu chache za laki moja ya sekunde ya tao, sawa na unene wa unywele ulio umbali wa kilomita 1,000, ambao ni mbali kuliko mstari mnyoofu kutoka kwetu Mwanza hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo andika miaka 440 ya nuru na ushei, na ile 390 ichukulie kuwa ya zamani. Nuru ya Kilimia unayoiona ukiwa Ukerewe ilianza safari kabla Galileo hajaielekeza darubini yake angani.

Gaia ilikamilisha upimaji wake Januari 2025, ikiwa imezikusanyia taarifa nyota zinazokaribia bilioni mbili, na matokeo yake bado yanaendelea kuchambuliwa.

SWALI: Shule yetu haina darubini. Kuna kipimo chochote cha paralaksi ambacho wanafunzi wanaweza kukifanya kwa simu tu?
Mwalimu wa sekondari, Sengerema

JIBU: Kipo, Mwalimu mwenzangu, ila si cha nyota, ni cha Mwezi, na kinahitaji mwenzako aliye Dar es Salaam. Kati ya Mwanza na Dar es Salaam pana takribani kilomita 850 kwa mstari mnyoofu, na Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa. Gawanya, na utaona kwamba Mwezi unapokuwa karibu na utosi hutofautiana mahali, kati ya miji hiyo miwili, kwa radiani 0.0022, ambayo ni kama robo ya upana wa Mwezi wenyewe. Robo ya Mwezi inaonekana kwenye picha ya simu.

Chagueni jioni ambayo Mwezi ni nusu, kwani ukiingia usiku huwa bado uko juu sana, na pia uwe jirani na nyota angavu au sayari kama Mshtarii. Mwezi ulio chini magharibi haufai sana, maana mstari wa miji hiyo miwili hauutazami vizuri na msogeo hupungua. Gusa Mwezi kwenye kioo cha simu na upunguze mwanga, la sivyo utapata doa jeupe lisilo na kingo. Kisha, na hili ndilo linaloharibu majaribio mengi, pigeni picha kwa wakati mmoja kabisa. Mwezi huhama mbele ya nyota kwa kiasi cha upana wake katika muda wa saa moja, kwa hiyo mmoja akichelewa dakika 15 atakuwa ameongeza au amefuta robo yote mnayoitafuta. Kubalianeni saa moja na nusu kamili usiku, na muitazame saa ya simu iliyopata mtandao, si ya ukutani.

Mkisha kuwa na picha mbili, zilinganisheni hadi upana wa Mwezi uwe sawa kwenye zote, pimeni kwa rula tofauti ya mahali pa ile nyota, na mgeuze kipimo hicho kuwa pembe mkijua kwamba upana wa Mwezi ni kama nusu nyuzi. Mkipata nyuzi 0.125, hizo ni radiani 0.00218, na kilomita 850 zikigawanywa hapo zinatoa kilomita 390,000. Kati ya mwaka 1751 na 1752 Wafaransa wawili walifanya jambo hilihili, Lacaille akiwa Rasi ya Tumaini Jema na Lalande akiwa Berlin. Wao hawakuwa na simu ya kukubaliana saa, na iliwabidi wasubiri barua zivuke bahari ndipo walinganishe vipimo.